Birika Lililo Mlangoni

Tuko Sagana, chini ya Mlima Kenya, kwenye ile njia ya kutoka Nairobi kwenda Karatina na Nyeri, ambako wasafiri wengi huvuka mto bila kujua kwamba maji hayo ndiyo yatakayoitwa Tana huko mbele. Leo tunataka kuzungumza nanyi habari za jiwe moja na habari za mtoto mmoja, na jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana katika kikao kimoja cha wazee wa kanisa.

Katika kanisa moja la upande wetu huu, ambalo hatutalitaja jina maana makosa tutakayoyasimulia ni yetu sisi wenyewe, watoto wamebatizwa miaka mingi kwa beseni. Wengi wenu mnalijua beseni hilo, kwa sababu kila kanisa la kijijini lina ndugu yake: jeupe, la bati, lenye maua mekundu ukingoni, na pale rangi ilipobanduka pana kutu kidogo. Siku ya ubatizo akina mama huliweka juu ya kistuli na kulizungushia kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Ibada ikiisha hurudishwa kabatini. Na tusifichane, ndugu zetu: siku ya mavuno, wageni wakiwa wengi, beseni lilo hilo limeonekana jikoni likioshewa mchele wa Mwea.

Basi wazee wakaona haya, wakakubaliana kuchanga fedha ili tupate birika la ubatizo la jiwe, la kudumu. Kikao kilikuwa kirefu. Tulijadili bei, tukajadili urefu wa jiwe, tukajadili kama majina ya waliochanga yaandikwe ubavuni (tunamshukuru Mungu shauri hilo lilikataliwa). Mwishoni kabisa, watu wakiwa tayari wanatafuta kofia zao, katekista akasoma barua fupi. Ilitoka kwa msichana mmoja aliyekuwa mwimbaji wa kwaya. Amejifungua nyumbani kwa wazazi wake, mume hana, naye anaomba mtoto wake abatizwe. Jibu lilitoka upesi: kwanza amlete baba wa mtoto. Asipoweza, basi yeye mwenyewe akae mbali na Meza ya Bwana miezi sita, kisha mtoto atabatizwa siku ya Alhamisi, faraghani, bila nyimbo. Hakuna aliyepinga. Nasi tulikuwapo, tena tuliombwa kufunga kwa sala, tukafunga. Jiwe tulilijadili saa mbili. Mtoto, dakika tano.

Wiki iliyofuata tulimwendea fundi. Yeye huchonga mawe kando ya barabara, mawe ya kujengea nyumba na misalaba ya makaburini, na mikono yake ina vumbi jeupe hata siku ya Jumapili. Tulipomweleza tunachotaka, aliuliza maswali mawili. "Pasta, liwe na pande ngapi? Na kwa nini mseme liwekwe mlangoni, watu wasije wakajikwaa?" Tukajibu kwa haraka, kama walimu wa chuo wanavyojibu: pande nane, na mlangoni ndipo mahali pake. Akatutazama tu. Tukaona kwamba tumetoa jibu lakini hatujatoa sababu, tukamwahidi kurudi. Tulipokaa kuitafuta sababu, historia ilituongoza mahali ambapo hatukutazamia kufika.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa kwetu ukisema birika, mtu anafikiri chai. Lakini wale waliotutafsiria Maandiko kwa Kiswahili walilitumia kwa maana ya zamani, yaani hodhi la maji: birika la Siloamu alikotumwa yule kipofu, na birika la Bethzatha alikolala yule mgonjwa wa miaka thelathini na minane. Na Wakristo wa kwanza walibatizwa katika maji ya namna hiyo, au mtoni. Yule Mwethiopia aliyekutana na Filipo njiani hakungoja kujengewa kitu. Aliona maji, akauliza ni nini kinachomzuia.

Baadaye, Kanisa lilipopata amani, yakajengwa mabirika ya kuteremkia kwa ngazi, ndani ya nyumba za pekee. Mji wa Poitiers nchini Ufaransa una nyumba ya ubatizo ambayo mwanzo wake ni wa karne ya nne, na birika lake limechimbwa sakafuni, la pande nane. Hapo tunapata jibu la swali la kwanza la fundi. Mungu aliumba ulimwengu na kustarehe, zikawa siku saba. Bwana Yesu akafufuka siku iliyofuata Sabato, nao wazee wa Kanisa wakaiita siku ya nane, siku ya uumbaji mpya. Ndiyo maana pande nane.

Kwa kadiri ilivyokuwa desturi kubatiza watoto wachanga, lile birika la sakafuni likapanda juu. Mtoto hateremki ngazi, anashikwa mikononi. Birika likawa kama chombo kikubwa cha jiwe juu ya mguu wa jiwe, na mtu amsimamaye mtoto hulifikia kwa kiuno. Katika karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16 mafundi wa Ufaransa na nchi jirani walichonga mabirika mengi ya namna hiyo kwa makanisa ya vijijini, kwa mtindo ule wa mwisho wa majengo yenye matao yaliyochongoka: pande nane, kila upande una tao dogo, au jani, au sura ya mtakatifu. Waliochonga hawakuandika majina yao. Wakulima waliobatizwa hapo, wengi wao hawakujua kusoma. Lakini jiwe lilikuwa pale, na babu na mjukuu walipitia maji ya mahali pamoja. Liliwekwa karibu na mlango kwa sababu ubatizo ni kuingia. Humpeleki mtu kwanza hadi mbele ndipo umkaribishe ndani.

Lilikuwa na kifuniko, tena kifuniko chenye kufuli. Katika karne ya 13 maaskofu wa Uingereza waliamuru hivyo, kwa maana maji yaliyobarikiwa yalikaa humo muda mrefu, na watu waliyaiba usiku kwenda kufanyia uchawi. Msicheke sana, ndugu zetu. Tunazo chupa za mafuta katika nyumba nyingi za Kirinyaga na Nyeri ambazo zimepewa kazi ambayo mafuta hayakupewa na Maandiko.

Kisha yakaja Matengenezo ya Kanisa, na hapo historia ya birika inakuwa historia ya ugomvi. Sheria za Kanisa la Uingereza zilizotolewa baada ya mwaka 1603 zilisema kila kanisa liwe na birika la jiwe, mahali pake pa zamani. Mwaka 1644, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge likaamuru mabirika yaondolewe. Mengine yakavunjwa, mengine yakageuzwa kuwa ya kunyweshea wanyama. Mahali pake wakatumia beseni. Kwa hiyo beseni letu la maua mekundu lina ukoo wake, tena ukoo wa watu wacha Mungu! Hata Waskoti walibatiza kwa beseni lililoshikizwa karibu na mimbari, ili neno na maji visitengane, na ndugu zetu wa Tumutumu ni watoto wa hao. Hatuwagombezi. Maji hayaulizi yamo katika chombo gani.

Lakini tulipokuwa tukisoma sheria hizo kwa ajili ya jiwe letu, tulikuta jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Sheria ya 81 ndiyo inayozungumza juu ya birika. Kurasa chache nyuma yake iko sheria ya 68, nayo inamkataza kasisi kumkataa au kumchelewesha mtoto yeyote anayeletwa kanisani Jumapili au sikukuu ili abatizwe. Tukafungua pia Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ndicho mzazi wa ibada zetu. Kinaagiza kwamba ubatizo ufanywe Jumapili au sikukuu, watu wanapokuwa wamekusanyika wengi, ili wote washuhudie mtoto akipokewa na kila mmoja akumbuke ahadi yake mwenyewe. Tukafunga kitabu. Ile Alhamisi yetu, faraghani na bila nyimbo, hatukujua tena tuliitoa wapi.

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri na wanafunzi wa theolojia hadi Unguja, kuliona kanisa kuu la Kristo lililoko Mkunazini. Wengine wenu mmefika huko. Mahali hapo palikuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, baada ya kushurutishwa sana na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, mtu yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili na kuandika vitabu vya lugha yetu. Askofu huyo alikuwa akisimama juani na mafundi, akipima chokaa na saruji. Paa la kanisa ni tao moja refu la mawe ya matumbawe na saruji, lisilo na boriti. Alifariki mwaka 1882, akazikwa humo humo, nyuma ya madhabahu.

Wageni wote huenda mbele. Husimuliwa kwamba madhabahu imewekwa pale uliposimama mti waliofungwa watumwa wakapigwa viboko, na sakafuni imewekwa alama ya duara. Watu husimama hapo kimya, nasi tulisimama. Lakini baadaye tulikwenda nyuma, upande wa mlango mkubwa, penye mahali pa ubatizo, na hapo mwanafunzi mmoja akacheka. Akatuonyesha nguzo. Zimesimamishwa kichwa chini! Ule mchongo ambao ungekuwa juu, unaobeba uzito, uko chini. Na ule wa kukanyaga sakafu uko juu. Wenyeji husimulia kwamba askofu alikuwa hayupo, mafundi wakasimamisha nguzo kwa jinsi walivyoona wao, naye aliporudi akazikuta ziko tayari. Hakuzibomoa. Zimekaa hivyo hadi leo, na kanisa halijaanguka.

Sisi tunaona alifanya vema kuziacha. Mtu aliyeweza kutunga kamusi angeweza kudai nguzo zisimame sawasawa. Lakini tazameni ni watu gani waliokuja kubatizwa katika misheni ile.

Askofu Tozer, aliyemtangulia Steere, alipofika Unguja mwaka 1864, hakuwa na shule wala mwanafunzi. Sultani Majid akampa wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Majina yao tunayajua: Swedi, Farajallah, Feruzi, Mabruki na Songolo. Baadhi ya majina hayo ni ya utumwani, aliyopewa mtoto na mtu aliyemnunua au aliyemuuza. Mabruki ni mbarikiwa, na Farajallah ni faraja ya Mungu. Fikirini mtu anampa jina hilo mtoto aliyefungwa kamba. Walipobatizwa wakaongezewa majina mengine, John na George na Robert na Francis na Arthur. Tungependa wamisionari wangewauliza pia jina alilowaita mama, lakini huenda wengine walikuwa wadogo mno hata kulikumbuka. Mwaka 1870 John Swedi na George Farajallah walipewa daraja ya kwanza ya utumishi katika Kanisa. George akafa mwaka huo huo. John Swedi akafanywa shemasi mwaka 1879. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa Unguja akiwa mtoto mtumwa, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, kama Tozer angewaambia wale watano yale tuliyomwambia yule msichana wetu! Mleteni kwanza baba. Baba gani? Yuko wapi? Yuko ng'ambo ya Ziwa Nyasa, au ameuawa njiani, au ni yeye mwenyewe aliyewauza wakati wa njaa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumleta mtu. Wasimamizi wao walikuwa watu wa misheni, ambao hawakuwa na damu moja nao.

Mtu asidhani hayo ni mambo ya Unguja tu, ya kanisa la watu wengine. Sisi Waanglikana wa Kenya tumeingia kwa mlango huo huo. Mwaka 1875 palianzishwa makazi ya Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi. Kengele yao imeupa mtaa mzima jina la Kengeleni. Kabla ya hapo walikuwapo Rabai wale walioitwa Wabombay, yaani Waafrika waliookolewa utotoni, wakapelekwa India, wakasomeshwa huko Nasik na kurudishwa pwani. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walifanywa mashemasi Mombasa mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa Busoga. Ni nani aliyewarudisha pwani watu waliosalia katika msafara wake, mamia ya maili? Ni William Jones, mtoto asiye na ukoo. Injili ilipoanza kupanda huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1900, Kabete, kisha Weithaga, kisha Kahuhia, hata ikafika Kabare na Embu, ilitoka katika Kanisa ambalo makasisi wake wa kwanza walikuwa watu wa namna hiyo. Mkikuyu anayejua mbari yake kwa vizazi vingi alipelekewa neno na Kanisa lililozaliwa na watu wasiojua hata jina la baba zao. Hatujasikia mahubiri mengi juu ya jambo hilo.

Na sisi huku tulilitendeaje birika? Wazee wetu wanakumbuka yaliyosimuliwa juu ya mwaka 1929. Misheni kadhaa ziliwataka waumini waape, wengine kwa alama ya kidole gumba, kuacha tohara ya wasichana. Hatutaki kueleweka vibaya. Desturi hiyo ilistahili kuachwa, nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeikataza kabisa. Tunazungumzia jambo moja tu, lililowapata watoto. Wazazi waliokataa kuapa walitoka, wakaanzisha makanisa na shule zao. Na kwa kuwa hawakuwa na makasisi, watoto wao wakakaa bila kubatizwa mwaka baada ya mwaka. Mama mtu alimwona mtoto wa jirani akipelekwa kanisani kwa kanzu nyeupe, na wake yuko nyumbani. Je, waliacha kuyataka maji? Hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1935 walimleta kutoka Afrika Kusini Daniel William Alexander, askofu mkuu wa Kanisa la Orthodox la Waafrika. Akakaa Gituamba katika Murang'a, akafundisha vijana, akabatiza, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 akawawekea mikono makasisi wao. Watu walimletea watoto kwa wingi. Mlango mmoja ulipofungwa, walichanga nauli ya meli wakaufungua mwingine.

Hata leo, Jumapili, hapa Sagana twawaona ndugu wa makanisa mengine wakiteremka mtoni kwa nguo nyeupe na ngoma. Zamani tulidhani wanafuata mto kwa sababu ya mafundisho tu. Sasa tunajiuliza ni wangapi kati ya bibi zao waliogeuzwa kwanza mlangoni petu.

Tukiwa na mawazo hayo tulikwenda Murang'a. Si mbali, kwa matatu ni safari fupi. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Ukutani ziko picha tano kubwa zilizochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Moja ni ya ubatizo wa Bwana. Nyuso ni za Waafrika, na nchi inafanana na hii yetu. Tulikaa mbele yake tukawaza juu ya Yohana mtoni. Watu wa Nazareti, tukikumbuka vizuri Injili ya Marko, walimwita Yesu mwana wa Mariamu, na katika desturi zao mtu huitwa kwa jina la baba. Wako wanaosema neno hilo lilikuwa la kudharau. Yohana alisitasita, ndiyo, lakini alisitasita kwa kujiona yeye mwenyewe hastahili. Hakumwuliza Yesu habari za Yusufu.

Tuliporudi tuliomba kikao kingine, tukawasimulia wazee haya yote, pengine kwa urefu kupita kiasi. Hawakunyamaza, na hatukutaka wanyamaze. Mmoja, mtu mwema ambaye amelitunza kanisa hilo tangu likiwa la udongo, alisema: "Tukifanya hivyo, tutawaambia nini wasichana wengine? Kwamba dhambi haina gharama?" Hilo ni swali la haki. Nidhamu ya Kanisa haikubuniwa na watu wakatili; ilibuniwa na watu walioogopa kwamba ndoa itadharauliwa, na hofu yao haikuwa ya bure. Lakini mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi lolote, aliuliza gharama hiyo inalipwa na nani. "Msichana mmemtoa Mezani. Mtoto mmemtoa majini. Na yule mwingine je? Jumapili iliyopita alipokea mkate akiwa mbele yangu."

Pakawa kimya. Kila mtu kijijini alijua anamsema nani, na hakuna aliyekuwa amemwandikia barua.

Walipiga kura, na haikuwa ya wote. Wawili walikataa, na bado wanakataa, nasi twasalimiana nao. Kuhusu yule kijana, mambo yake yako mikononi mwa wazee na hatutayasema redioni. Kuhusu mtoto, iliamuliwa abatizwe Jumapili, katika ibada kubwa, pamoja na wengine wanne. Yule mama mzee akajitolea kuwa msimamizi.

Jiwe lilikuwa bado. Fundi alikuwa amemaliza pande tano, akasema hawezi kuharakisha, maana jiwe likipasuka halina dawa. Basi tukatumia beseni. Alikuja ibadani hata hivyo, ingawa si mshirika wetu, akakaa nyuma na futi yake mfukoni, kwa kuwa alitaka kupima mlango na kuona watu wanapitaje.

Mnajua desturi yetu: mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa baba yake, lakini msichana aliyezalia nyumbani humpa mtoto jina la baba yake mwenyewe. Mzee huyo, babu wa mtoto, hakuwa ameingia kanisani tangu siku mambo yalipojulikana. Asubuhi hiyo alikuja kwa koti la zamani, akasimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka. Tulipouliza mtoto aitwe nani, na msichana akalitaja jina la baba yake kwa sauti, mzee alisogea mbele. Kile kistuli cha beseni kina mguu mmoja mfupi, nacho kilikuwa kikitikisika, maji yakimwagika kidogo kwenye kitambaa. Akapiga goti moja, akakishika kwa mikono miwili, akakaa hivyo hata watoto wote watano wakaisha kubatizwa.